Siku Mia na Thelathini za Kimya

1

Siwatu alitoka eda siku ya Jumatano, na Alhamisi saa mbili asubuhi akagundua kwamba yeye si mtu tena.

Msinielewe vibaya, hakufa. Mwili wake ulikuwapo, umekaa kwenye jamvi la chumba cha uani, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, mjini Tanga. Ulikuwa umeoga, umefukizwa udi, umevaa dera jipya la kijani ambalo mashoga zake walimletea jana yake, baada ya kuvua zile nguo nyeupe za miezi minne na siku kumi. Kilichopotea ni hayo mengine, na katika miaka hiyo hayo mengine ndiyo yaliyokuwa mtu.

"Mama," alimwita mkwewe. "Simu haishiki."

Bi Mwanabaraka, mama mzazi wa marehemu Mbaruku, alikuja akijifuta mikono kwa ncha ya kanga. "Haishiki nini?"

"Laini. Inasema hakuna laini."

"Ipe muda. Miezi minne imelala. Hata binadamu akilala hivyo huamka na kizunguzungu."

Yeye ndiye aliyeichukua simu hiyo siku ya mazishi. Aliizima, akaiviringisha kwenye kanga kuukuu, akaisokomeza chini ya kasha na kutia kufuli. Katika nyumba ile mjane wa eda hasikii sauti ya mwanamume baki, na simu, alisema, imejaa wanaume. Dini haikuagiza hivyo. Hata ustadhi alimwambia taratibu kwamba simu haivunji eda. Lakini Bi Mwanabaraka alikuwa amezika waume watatu, nani angemfundisha eda? Na Siwatu mwenyewe hakubisha. Siku ile hata angeambiwa atoe jino angetoa.

Sasa sikilizeni. Namba zilikuwa zimekwisha. Watu walikuwa wengi kuliko namba, na Lango, ule mfumo uliokuwa ukifungua kila kitu kuanzia hospitali na shule hadi mlango wa bajaji, likaweka kanuni: laini iliyonyamaza siku mia na ishirini inarudi ghalani na kupewa mwingine. Halikufanya kwa kuvizia. Lilituma maonyo kumi na mawili, tena kwa adabu. Yote liliyatuma kwenye simu ileile iliyokuwa chini ya kasha.

Siwatu hakulijua hilo bado. Alichukua simu ya mkwewe, akafungua ukurasa wake mwenyewe, akaandika jina. Maneno yakatokea: *Tumetuma tarakimu sita kwenye namba yako inayoishia na 417. Usimpe mtu yeyote.*

Akasubiri. Akaitazama simu yake iliyokufa mkononi. Tarakimu zimetumwa, na kwake hazikufika. Basi zimefika kwa nani?

Hapo hapo mwanawe Tunu, mtoto wa miaka minane, akaingia na sare ya shule, vifungo vimepishana kama kawaida yake.

"Mama, bangili yangu imekuwa ya njano."

Moyo ulimlipuka paa! Akauvuta mkono wa mtoto. Bangili ile, ambayo tangu Tunu ana miaka mitatu ilikuwa kijani, ilikuwa njano, na juu yake maandishi madogo: *Kibali kinakwisha leo, saa tisa na nusu alasiri.*

Tunu alizaliwa na moyo unaosahau. Hupiga, hupiga, halafu husahau. Chini ya mfupa wa bega lake kulikuwa na kidude cha ukubwa wa punje ya kunde, ambacho watu walikiita saa ya moyo. Moyo ukisahau, chenyewe huukumbusha. Zamani vidude hivyo viliwahi kuingiliwa na wahuni, wakawa wanavizima kwa mbali ili kuwatesa wazazi. Ndipo ikatungwa sheria, tena kwa nia njema kabisa: kila siku mia na themanini mzazi athibitishe kwa namba yake kwamba mtoto yuko mikononi mwake. Asipothibitisha, saa ya moyo hujizima. Waliosajiliwa walikuwa wawili, baba na mama. Namba ya Mbaruku ilifungwa siku alipozikwa.

"Leo huendi shule," Siwatu alisema.

"Kwa nini?"

"Kaa na bibi. Usikimbie, usiruke kamba. Umenisikia? Hata ukichekeshwa, usicheke sana."

2

Bajaji tatu zilimkataa. Zilikuja zenyewe, hazina dereva, zikamtazama usoni kwa kijicho chao cha kioo, zikasema *abiria hatambuliki*, zikaenda zao. Akatembea kwa miguu mpaka ofisi ya Lango, jua linachoma, udi wa jana unageuka jasho. Njia nzima alikuwa akihesabu saa kwa vidole.

Afisa aliyempokea aliitwa Mhina, mtu mzima mwenye miwani na sauti ya kuliwaza wagonjwa. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo ndilo lililomtisha Siwatu zaidi. Mtu mwenye jibu jepesi hukukatiza.

"Pole kwa msiba, dada," Mhina alisema. "Namba yako ilitoka ghalani siku nane zilizopita. Ina mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi!"

"Ulikuwa wewe. Sasa Lango linajua uso mwingine."

"Basi nipe namba mpya, niandike mtoto upya."

"Nitakupa leo hii. Lakini namba changa haiaminiwi uzazi mpaka itimize mwaka. Si mimi, ni kanuni."

"Mwaka? Kaka yangu, mimi nina saa tano!"

Mhina alivua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Akasema njia ya haraka ipo moja. Inaitwa Ripoti ya Kunyang'anywa Utu. Siwatu akiweka dole gumba, kwani dole halibadiliki, ndani ya nusu saa namba inamrudia, ukurasa wa mtoto unafunguka, anathibitisha, yamekwisha.

"Lete hilo dole!" Siwatu alikwisha kunyoosha mkono.

"Ngoja kwanza. Nikikuficha nitakuwa nimekosa mbele ya Mungu." Akageuza kioo chake kidogo, akasoma, akakirudisha. "Ripoti hii ilitungwa kwa ajili ya wezi. Mwenye namba atatiwa alama ya mwizi, atafungiwa kila kitu mwaka mzima. Kila kitu, dada. Na huyu mama yuko kwenye mashine ya figo. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na amepokelewa kwa sababu namba yako ina umri wa miaka kumi na tisa. Namba changa hukaa foleni."

"Akikosa mashine?"

"Wiki. Au wiki na siku mbili."

Mkono wa Siwatu ulibaki hewani. Nami ambaye sikuwapo siwezi kumcheka wala kumhukumu. Alikuwa ametoka kuzika. Alijua uzito wa jeneza, alijua nyumba inavyokuwa siku ya nane watu wakishaondoka. Lakini pia alimwona Tunu amelala chali, bangili imekuwa nyeusi. Aliogopa, na katikati ya hofu ile aliona aibu, maana sehemu kubwa ya nafsi yake ilikuwa ikisema: bonyeza, humjui.

"Hakuna njia nyingine?" aliuliza.

"Ipo, lakini si nzuri. Mwenye namba mwenyewe athibitishe, kwa uso wake, akiwa kando ya mtoto. Ila akithibitisha, yeye ndiye mama wa mtoto kwenye Lango. Wewe utakuwa mtu baki mpaka ukate rufaa, na rufaa inataka namba yenye mwaka." Akaituma ripoti kwenye simu ya Bi Mwanabaraka aliyokuja nayo Siwatu. "Itakaa wazi mpaka saa tisa kamili. Ni dole tu. Na nakuomba, msisomeane tarakimu kwenye simu. Lango husikiliza. Likisikia tarakimu zinatamkwa kwa mtu mwingine, linawafunga wote wawili, na mtoto pia."

3

Alipiga namba yake mwenyewe kwa simu ya mkwewe, akiwa amesimama nje, kwenye kivuli cha ukuta. Jaribuni siku moja mjue inavyotisha, kuipigia namba uliyoijua kwa moyo tangu usichana na kusikia inaita.

"Halo?" Sauti ya mwanamke, nzito, ya mtu wa bara.

Siwatu akaibana simu sikioni.

"Kama unapiga kutoa pole ya msiba," sauti ikasema, "asante, nimepokea. Mungu amlaze pema."

"Umepokea pole ya nani wewe?"

Sauti ile ikashuka: "Wewe ndiye mjane?"

"Ndiye mimi."

"Mayu!" mwanamke akamaka kwa lugha ya kwao. "Dada nisamehe. Wanapiga kila siku, wanalia. Mwanzo niliwaambia si mimi, wakawa wanalia zaidi. Nikaona bora niwapokelee." Akavuta pumzi. "Mimi naitwa Ng'washi. Namba nilipewa ghalani, wallahi sikuiba. Nilitoka Meatu baada ya mifugo kwisha. Nilikaa miaka minne bila namba."

"Nani kasema umeiba?" Siwatu alisema, na ndani ya simu ileile aliyoishika ripoti ya wizi ilikuwa wazi. "Nina mtoto. Anaitwa Tunu."

"Namjua."

"Unamjua wapi?"

"Simu inaniuliza kila asubuhi. *Una mtoto mmoja, thibitisha.* Nabonyeza *baadaye*. Mimi sikujaliwa mtoto, nikajua mashine imekosea. Leo imeuliza mara tano."

Siwatu akamweleza. Maneno yalimtoka kwa fujo, saa ya moyo, bangili, saa tisa na nusu, kisha akafika kwenye ripoti na hapo ulimi ukawa mzito. Angeweza kuificha. Hakuificha, na sidhani kama ulikuwa wema mtupu. Alitaka mwanamke yule aogope kama anavyoogopa yeye.

"Nikiweka dole, namba inarudi kwangu leo. Wewe utafungiwa."

Nyuma ya Ng'washi zilisikika sauti za wauguzi wakiita majina.

"Niko hapa hapa mlangoni pa chumba cha mashine," akasema. "Zamu yangu saa saba. Jumanne umeme ulikatika, sikusafishwa. Dada, huwezi kuweka dole baadaye kidogo? Nimalize ya leo tu. Leo tu."

Siwatu akaegemea ukuta, akalia. Hapo ndipo alipojua kwamba hatoweza. Siyo kwamba alimpenda yule mwanamke, la hasha! Alimchukia kwa kuwa na sauti, kwa kuomba kitu kidogo namna ile. Lakini hakutoka kuzika ili aje kuua kwa kidole.

"Mtoto wa miaka mingapi?" Ng'washi aliuliza.

"Minane."

"Niambie unakaa wapi. Zamu ya mwisho ni saa kumi, nitaiwahi. Lakini dada, hilo dole..."

"Sitaweka," alisema Siwatu. Hakuifunga ripoti.

4

Ng'washi aliingia uani saa tisa kasoro dakika kumi na mbili, na Siwatu alikuwa tayari amelilamba dole gumba lake mara mbili ili lisomeke vizuri. Mwanamke mrefu, uso umevimba, miguu imejaa maji mpaka ndala zimegoma kuingia, akazishika mkononi. Alitembea akishika kuta.

Bi Mwanabaraka alikuwa ameambiwa kila kitu. Alipomwona mgeni akiinamia mjukuu wake, kinywa kikafunguka.

"Damu ya Mbaruku apewe mtu wa kuokota barabarani? Siwatu, una akili wewe? Weka dole, yaishe!"

"Mama," Siwatu alisema, "wewe ndiye uliyeizima simu. Leo nyamaza."

Katika miaka kumi na miwili ya ndoa Siwatu hakuwahi hata kumwinulia mkwewe macho. Bikizee akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi kama mtu aliyekatwa miguu, akajifunika uso kwa kanga. "Nilikuwa nakusitiri, mwanangu," akasema humo ndani. "Nilikuwa nakusitiri tu." Muda wa kuyasikiliza hayo haukuwepo.

Tunu alikuwa amelazwa jamvini, midomo imeanza kufifia, ingawa huenda ilikuwa hofu ya mama yake tu iliyoiona hivyo. Bangili ilikuwa nyekundu.

Ng'washi alikaa kando yake, akatoa simu. *Una mtoto mmoja. Thibitisha.* Safari hii akabonyeza *sasa*. Tarakimu sita zikaingia. Siwatu akageuza uso asizione, asije akazitamka hata kwa bahati mbaya. Kisha simu ikadai uso. Ng'washi akaiinua, akaishusha.

"Vipi?" Siwatu akaruka. "Inua!"

"Nikithibitisha, mtoto anakuwa wangu?"

"Kwenye Lango, ndiyo."

"Na mimi nikifa?"

Swali hilo Siwatu hakuwa amejiuliza. Alikuwa amehesabu saa, hakuhesabu miezi. Baada ya siku mia na themanini bangili itakuwa njano tena, na uso utakaotakiwa ni huu uliovimba. Uso huu ukiwa umezikwa, hapatakuwa na uso mwingine. Saa ya ukutani ilionyesha dakika mbili kabla ya saa tisa. Ripoti bado ilikuwa wazi kwenye simu ya mkwewe, kwenye goti lake, ikisubiri dole. Akalitazama dole. Akamtazama Ng'washi, naye Ng'washi alikuwa akilitazama dole hilo hilo, hakusogea, hakuomba.

Siwatu akaigeuza simu kifudifudi sakafuni.

"Hufi," akasema. Ilikuwa amri zaidi kuliko faraja. "Inua uso."

Ng'washi akainua. Kioo kikamulika. *Asante, mama Tunu,* simu ikasema kwa sauti ya kiume yenye upole. *Mtoto wako yuko salama. Kwa kuwa uso wako ni mpya, usitengane naye zaidi ya hatua mia hadi kesho saa kama hii.*

Bangili ikawa kijani. Siwatu akamrukia mwanawe, akamkumbatia, akamnusa kichwani, akalia kwa sauti. Ndipo simu ikasema tena, upole uleule: *Kuna mtu asiyetambulika karibu na mtoto wako. Je, unahitaji msaada?*

"Hapana!" Ng'washi akaiambia haraka. "Hapana, ni jamaa." Akajaribu kusimama, akashindwa. Jasho jembamba lilikuwa limemtoka usoni. "Dada, saa kumi. Zamu yangu. Nikikosa na hii..."

Siwatu akamtia bega chini ya kwapa, akamnyanyua mzimamzima, mwanamke mwenye mwili kuliko yeye. Aliogopa upya, na safari hii aliogopa kwa ajili ya huyu. Kila pumzi ya Ng'washi ilikuwa pumzi ya Tunu sasa. Angeweza angembeba mgongoni.

"Tunu, twende! Vaa viatu!"

Bajaji ilisimama barabarani mara tu ilipomwona Ng'washi. Walimwingiza, Tunu akapanda, Siwatu akapanda. Bajaji haikuondoka.

*Abiria watatu. Mmoja hatambuliki. Tafadhali ashuke.*

"Tunu, shuka na wewe mjukuu wangu, tutakwenda kwa miguu," Bi Mwanabaraka alisema kutoka kizingitini.

"Hatua mia, mama," Siwatu akamkumbusha. Akashuka.

*Tunu,* bajaji ikasema, *uliyekaa naye ni nani?*

Siwatu alikuwa amelisahau swali hilo. Kila mtoto wa mji ule aliulizwa swali hilo kila safari, kwa sababu ya wezi wa watoto, na Tunu alikuwa amelijibu mara mia akicheka. Akijibu vibaya milango inajifunga na askari wanaitwa. Mtu wa nje akimfundisha la kusema, bajaji inasikia.

Tunu akamtazama mama yake. Kidevu kilianza kumcheza. Siwatu alishika ncha ya mtandio wake, akaing'ata kwa meno ili asipige kelele, akamtikisia mtoto kichwa: ndiyo. Tena: ndiyo, mwanangu, ndiyo.

*Tunu, uliyekaa naye ni nani?*

Mtoto akaukamata mkono wa Ng'washi uliovimba, macho bado kwa Siwatu.

"Huyu ni mama yangu," akasema.

Bajaji ikaondoka. Siwatu akasimama katikati ya barabara ya kumi na mbili akiitazama inakata kona, kisha akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza kukimbia kuelekea hospitali, akiwaombea wote wawili wafike.